Barua ya Mbingu Nyekundu

Uvira, 3 Oktoba 1960
Mvua: milimita 4.

Kaye hii, daftari la kazi, ni ya mvua. Bwana yangu Thaddée ameniachia pamoja na kipimo cha bati kilicho nyuma ya nyumba, na masharti matatu: nipime kila siku saa moja asubuhi, niandike hata kama ni sifuri, na kuku wasikikaribie. Wazungu wa kituo chake cha kupima hewa walikimbia mwezi wa saba. Mmoja tu alimkumbuka akamtafutia masomo ya miezi sita huko Uswisi, juu ya mlima, kwenye nyumba ya kupimia hewa. Siku ya kuondoka aliniambia, "Ukiendelea kupima, nikirudi nitaikuta kazi yangu."

Upande wa kulia wa ukurasa kuna nafasi ya maelezo, ya upepo na mawingu. Hakuna mtu wa kuyasoma tena. Nitaandika ninachotaka.

Léocadie ana miezi mitano. Baba yake alimwacha na mitatu. Usiku ananyonya kama mtu anayegombana nami.

4 Oktoba
Sifuri.

5 Oktoba
Sifuri. Jua kali. Mama mkwe amefika toka Kiringye na gunia la muhogo, na maneno.

9 Oktoba
Milimita 17. Mama mkwe amenikuta na kalamu.
"Mvua inanyesha, inakauka. Unaiandika ya nini?"
"Ndiyo kazi ya mwanao, mama."
"Basi nimezaa mtu wa kuhesabu matone." Akacheka peke yake. Halafu akaniambia nashika mtoto kama kifurushi cha watu wengine. Nilikuwa nimelala saa mbili tu.

16 Oktoba
Milimita 8. Kuna kijana mpya kwa Mwalimu Eugène, yule anayehubiri katika kanisa letu dogo la Mulongwe. Anaitwa Firmin, ametoka Sange, yuko katika vijana wa chama cha Waziri Mkuu aliyeondolewa. Amepanda juu ya nyumba yangu akapigilia bati lililokuwa linavuja, amekataa hata chai. Ana adabu. Laiti mdogo wangu angekuwa hivyo.

30 Oktoba
Milimita 40. Njia ya kisimani imekatika.

13 Novemba
Milimita 31. Nimelala vibaya.

20 Novemba
Milimita 12. Miezi mitatu kasoro siku chache na hakuna barua. Charlotte, mama wa ndagala, wale samaki wadogo, anayevuka mpaka kwenda Usumbura kila Jumanne, alisema mbele ya watu kisimani, "Wanaume wakionja siagi hawarudi kwenye sombe, kwenye majani ya muhogo." Watu wakacheka. Mdomo wa Charlotte haujui mlango.

6 Desemba
Milimita 6.

Barua imefika! Charlotte ameileta toka posta ya Usumbura, inanuka ndagala hadi ndani. Karatasi nne na mchoro. Nimeisoma nikiwa nimesimama, ugali ukaungua. Nainakili hapa, kwa sababu karatasi inaweza kulowa na kaye naiweka kwenye kopo. Mambo ya chakula na ya masomo nayaacha. Naandika hili tu:

"Usiku wa tarehe 13 Novemba, saa tatu na dakika kumi, nilitoka kusoma kipimajoto. Chini yetu kuna kijiji cha hoteli. Matajiri wanakuja kufunga mbao ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji toka mlimani hadi chini. Wakifika wanapanda tena, wanateleza tena. Ndiyo kazi yao. Usiku huo nyuma ya mlima, upande wa kaskazini, mbingu ilikuwa nyekundu. Ernestine, nilidhani kijiji kinaungua. Nilidhani ni kama milima yetu mwezi wa nane watu wanapochoma majani. Nikashika ndoo. Mzee wa kituo, ambaye sijawahi kumuona akicheka tangu nifike, alicheka hadi akaketi kwenye theluji. Akaniambia, weka ndoo, hakuna maji yanayofika kule.

Haukuwa moto. Haukuwa na moshi, wala harufu, wala sauti. Ulikuwa mwekundu kama kaa unalolipuliza: unafifia, unarudi. Nyota zilionekana ndani yake. Kisha zikatokea nguzo nyeupe, ndefu sana, zikitembea polepole toka kulia kwenda kushoto kama watu wanaotoka kanisani. Theluji yote ikawa ya rangi ya waridi, na mikono yangu pia. Wazungu walitoka hotelini na mablanketi, wengine bado wameshika glasi. Mama mmoja alikuwa analia. Mzee anasema mwanga huu ni wa nchi za mbali za kaskazini, kwenye baridi isiyoisha. Hapa ameuona mara mbili tu katika miaka thelathini. Anasema unatoka kwenye jua lenyewe. Hilo sijalielewa, nitakueleza nikilielewa. Nimeupima kwa ngumi kama nilivyokufundisha: mkono umenyooshwa, ngumi nne juu ya mlima. Nimekuchorea. Niligeuka nikuite uje uone. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta."

Nimefungua kaye nikatafuta usiku ule. Milimita 31, nimelala vibaya. Basi mimi nilikuwa nalala vibaya na yeye alikuwa anageuka kuniita.

Mchoro ni nusu duara, na mishale, na saa pembeni, na herufi kubwa za KASKAZINI. Nimemuonyesha Léocadie. Ameutia mdomoni.

11 Desemba, Jumapili
Milimita 15.

Mwalimu Eugène aliomba barua aisome kanisani baada ya mahubiri, watu wamsikie mtoto wao aliyefika mbali. Mama mkwe alikataa.
"Thaddée amekuandikia weye. Aliandika juu yake 'Kanisa'?"
"Ni jambo zuri, mama. Acha watu wasikie."
"Jambo zuri si lazima liwe la watu wote."

Nilimpa Mwalimu barua. Nakiri: nilitaka Charlotte asikie. Nilivaa kitambaa cha bluu.

Alisoma vizuri. Kwenye habari ya matajiri wanaopanda mlima ili washuke, kanisa zima lilicheka, mzee mmoja akauliza kwa sauti kama walikuwa wamekunywa. Lakini alipofika kwenye nguzo nyeupe zinazotembea, kukawa kimya hadi nikasikia ziwa. Nilijisikia kama mwanga ule ni wangu.

Nje Firmin alinifuata, akaomba kuona mchoro. Aliutazama kwa muda.
"Kaskazini ya wapi, Mama Léocadie?"
"Ya huko aliko."
"Kaskazini ni moja. Kaskazini yetu iko Bukavu."
Nikacheka. Yeye pia akacheka kidogo.

18 Desemba
Sifuri. Mtoto ana homa.

19 Desemba
Milimita 3. Homa.

20 Desemba
Milimita 26. Homa imepungua. Mama mkwe alimbeba usiku mzima, mimi nikalala. Asubuhi hakusema lolote kuhusu vifurushi.

27 Desemba
Milimita 22. Askari wa Stanleyville, upande wa Waziri Mkuu aliyeondolewa, wameingia Bukavu siku ya Krismasi. Serikali ya jimbo imekamatwa. Hapa vijana wa chama wanaimba barabarani, Firmin mbele yao.

Jioni watu walianza kuja kwangu. Wanasema Thaddée alituambia mapema: moto toka kaskazini, usio na moshi, usiozimwa na maji. Mama mmoja ameniletea mayai sita. Mwingine ameuliza kama barua imesema lolote juu ya mwanawe aliye jeshini. Nilieleza kwamba ni habari ya hewa tu, ya theluji. Wanatikisa kichwa kwa heshima, wanaondoka wakiamini walichokuja nacho.

Mayai tumeyala. Sikupaswa kuyapokea.

4 Januari 1961
Milimita 35. Askari wa Léopoldville, maadui wa Stanleyville, walishushwa na ndege Usumbura, Wabelgiji wakawaacha wapite hadi Bukavu. Wamepigwa. Sasa kila mtu anayetoka upande wa Wazungu ni mtu wao. Kuna bariera, kizuizi cha njia, huko Kavimvira kwenye mpaka: askari wa upande wa Stanleyville, wageni wanaosema Lingala.

Leo hakuna aliyekuja na mayai.

8 Januari, Jumapili
Milimita 19.

Firmin amekuja na sajini na askari wawili. Hakuvua kofia. Sajini anasema Lingala, Firmin anamgeuzia maneno kwa Kiswahili.
"Tunataka barua."
"Ni barua ya bwana yangu."
"Tunajua ni ya nani."
Niliitoa. Sajini aligeuza mchoro juu chini, chini juu.
"Hizi namba?"
"Ni saa."
"Saa za nini? Za kuvuka?"
"Za mwanga ulipoonekana."
"Ngumi nne ni vikosi vinne?"
"Ngumi ni ngumi." Nikanyoosha mkono nikamuonyesha jinsi ya kupima, ngumi juu ya mlima. Naye akanyoosha wake. Tukasimama pale uani, sajini na mimi, tumekunja ngumi mbele ya mlima kama wajinga wawili. Nilidhani atacheka. Aliuliza nguzo nyeupe zinazotembea ni nani kama si parasutisti wa Kibelgiji, askari wanaoshuka kwa miavuli. Na mzee wa kituo ni komanda gani. Na kwa nini mtu amuandikie mke wake kwamba maji hayafiki kule.
"Kwa sababu hayafiki," nilisema. "Ni mbinguni."
Firmin aliligeuza neno hilo polepole. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya adabu, "Mama Léocadie, mtu hawezi kuandika karatasi nne kwa habari ya rangi. Mtu mzima. Na vita iko hapa."
Anaamini kweli. Nilimtazama machoni, hana uongo. Hilo ndilo limeniogopesha.

Wamechukua barua na mchoro. Sajini alisema neno moja mlangoni, Firmin akalileta: "Akirudi, tutamuuliza yeye mwenyewe."

Wiki iliyopita waliulizwa watu wawili wa Kalundu. Wamezikwa Jumatano.

Mama mkwe alifagia ua wote baada yao, mara mbili. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Ningependa angesema.

9 Januari
Milimita 2.

15 Januari
Sifuri.

24 Januari
Milimita 28. Barua ya pili, fupi. Charlotte aliivusha kifuani, ndani ya nguo. Thaddée anamaliza mapema, fedha za masomo zimekwisha. Atashuka Usumbura katikati ya Februari, "na siku hiyo hiyo nitavuka, nikute kama Léocadie ana meno."

Ana manne.

Nilimvuta Charlotte nyuma ya jikoni.
"Ukimuona Usumbura, mwambie neno moja. Asivuke."
"Neno moja tu? Hata salamu?"
"Asivuke. Wamesoma barua yake vibaya. Jina lake liko bariera."
"Weye mama, hata mbuzi anapewa maneno zaidi." Kisha akaniona usoni. Akafunga kitambaa chake upya, na kwa mara ya kwanza nikasikia Charlotte akisema kwa sauti ya chini: "Nitamngoja kila Jumanne. Wakinikamata, ndagala zangu mtakula nyinyi."

Nilikuwa nimemdharau mwanamke huyu miaka mitatu.

2 Februari
Milimita 11.

7 Februari
Sifuri. Charlotte hakumuona.

14 Februari
Milimita 44. Redio imesema kwamba Waziri Mkuu wetu wa kwanza ameuawa Katanga. Watu wamelia barabarani, nami nimelia. Askari wa bariera wanapiga risasi hewani tangu asubuhi. Charlotte alivuka kurudi kabla hawajafunga mpaka. Amemuona Thaddée, amempa neno langu. Amesema aliuliza kama mtoto anakaa peke yake au bado anaegemezwa. Ndiyo yote.

Basi amesikia. Atabaki huko. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

19 Februari, Jumapili
Milimita 9.

Hakubaki.

Saa nne Firmin alifika kwa baiskeli na askari mmoja. Wamemkamata mtu kati ya wamama wa samaki waliokuwa wanavuka. Hana karatasi. Anasema anaitwa Basile, fundi wa baiskeli wa Usumbura, anakwenda kumtafuta dada yake Sange. Sajini anataka mke wa mtu wa mbingu nyekundu aje amtazame. Hapo bariera hakuna anayemjua Thaddée: askari ni wageni, na Firmin alifika Uvira wakati Thaddée ameshaondoka.

Mama mkwe alikuwa kitandani na homa. Akainuka, akatafuta kitenge chake.
"Lala, mama," nilisema.
"Ni mwanangu."
"Ndiyo maana. Ukija utamtazama."
Alinielewa. Akalala tena, akaingiza kona ya blanketi mdomoni.

Nilimfunga Léocadie mgongoni. Nilitembea nikipanga uso wangu. Niliufikiria uso ninaouvaa sokoni nikichagua muhogo.

Alikuwa ameketi chini kando ya pipa, mikono imefungwa mbele. Amefuga ndevu. Amekuwa mweupe kidogo, kama mtu aliyekaa gizani. Hakuwa na viatu, na nyayo zilikuwa zinatoka damu, nyayo zilizokaa miezi sita ndani ya soksi. Charlotte alikuwa pembeni na kikapu chake, ingawa haikuwa Jumanne, anatazama ardhi.
"Huyu ni bwana yako?" Firmin aliuliza kwa niaba ya sajini.
Nilimtazama kama muhogo.
"Hapana."
"Tazama vizuri."
"Nimetazama. Bwana yangu ni mrefu. Na bwana yangu hawezi kuja kwangu mchafu namna hii, anajua ningemrudisha mlangoni."
Askari walicheka. Charlotte alicheka kwa nguvu kuliko wote, Mungu ambariki. Firmin hakucheka.
"Ampakate mtoto," alisema.

Walimfungua mikono. Nilimtoa Léocadie mgongoni nikamweka mikononi mwake. Mimi mwenyewe nilimweka. Aliinamisha kichwa, nikaona anavuta harufu ya nywele zake. Léocadie alimtazama. Akavuta pumzi ndefu, na akalia kama amechomwa. Akajikunja nyuma, akampiga usoni kwa mikono miwili, akaninyooshea mikono. Thaddée hakumwachia. Alimshika labda kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Nilihesabu.

Sajini aliziba masikio. Firmin alinigeuzia: "Anasema mchukue. Anasema huyu si baba wa mtoto huyu."

Walimpiga mateke mawili, wakamwelekeza kwenye daraja, arudi Urundi na asionekane tena. Aliposimama alinigeukia, mbele yao wote.
"Samahani mama, kwa kukusumbua."
"Si kitu, ndugu," nilisema.

Ndiyo maneno tuliyosema baada ya miezi sita.

Nilirudi na Firmin akisukuma baiskeli kando yangu. Tulifika Mulongwe. Hapo alisimama, akatazama pembeni, akasema, "Mama Léocadie, maziwa yamekutoka." Nikajitazama: nguo ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Akapanda baiskeli akaenda. Anajua au hajui? Sijui Firmin ni nani.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe: nimesema simjui.
"Amekonda?"
"Kidogo."
"Viatu?"
"Hakuwa navyo."
Akageukia ukuta. Nilipanda kitandani nikalala nyuma yake, na Léocadie katikati. Hakunifukuza.

20 Februari
Sikupima.

21 Februari
Sikupima.

28 Februari
Charlotte amevuka, amemuona. Nyayo zinapona. Kuna lori linalokwenda Kigoma, na toka huko Tabora. Huko Tabora wanatafuta mtu anayejua vipimo vya hewa. Amekubali. Hakuna anayejua ni kwa mwaka mmoja au mingapi. Barua yake iko Bukavu katika faili, na walioko Bukavu ndio serikali sasa. Mimi siwezi kuvuka, jina langu nalo limeandikwa.

"Amenituma kitu kimoja tu," Charlotte alisema. "Anauliza kama mtoto analia hivyo kwa watu wote."

Mama mkwe alikuwa anachambua sombe. Mikono yake ikasimama.

"Mwambie ndiyo," nilisema. "Mwambie analia kwa kila mtu. Hata kwa bibi yake. Mwambie ni meno."
"Ni meno," alisema Charlotte, ili akumbuke.
"Ni meno," alisema mama mkwe.

Léocadie alikuwa ameketi miguuni pa Charlotte, anavuta ndagala kikapuni, anacheka. Hamwogopi Charlotte. Hajawahi kumlilia mtu mwingine.